Kwa Nini Kuku Huacha Kutaga na Kuatamia: Kazi ya Homoni katika Mwili wa Ndege



Katika vikundi vya ufugaji vilivyo chini ya kamati za parokia, swali moja hurudi kila hesabu za robo mwaka zinapofungwa: mbona mayai yamepungua, ilhali kuku ni wale wale na pumba ni ile ile? Mara nyingi jibu halipo kwenye chakula wala kwenye ugonjwa. Lipo kwenye kiota. Baadhi ya kuku wameacha kutaga na sasa wanaatamia. Mwanakikundi mmoja atasema kuku amekuwa mvivu, mwingine atasema ameharibiwa na jicho la watu, na mweka hazina ataona afadhali auzwe kabla hajamaliza chakula cha wenzake.

Katika makala haya tunaeleza kinachotokea ndani ya mwili wa kuku anapoanza kuatamia. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, kamati inayojua sababu haitamtesa wala kumuuza kuku ambaye kwa kweli ndiye mtaji wa kikundi. Pili, wafadhili wetu wanaosoma taarifa za miradi wanastahili kuelewa kwa nini kuku wa kienyeji 20 hawawezi kuleta mayai sawa na kuku wa kisasa 20, na kwa nini hilo si lazima liwe hasara.

KUKU WA AINA MBILI SOKONI

Jiji la Dar es Salaam hula kuku wengi wa kienyeji kutoka bara, hasa Singida, Dodoma na Tabora. Husafirishwa ndani ya matenga mamia ya kilomita na kuuzwa katika masoko kama Kisutu, Kariakoo na Shekilango. Wengi huishia kwenye sufuria, lakini wengine hununuliwa kwa ajili ya kufugwa, na wapo wanaovushwa kwa kivuko kutoka Feri kwenda Kigamboni, ambako bado kuna nafasi ya kujenga banda.

Kuku hao si wa namna moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamewachunguza na kuwatofautisha: wapo Kuchi wenye miili mikubwa na shingo ndefu, wapo Ching'wekwe walio wadogo, wapo pia wa Unguja na Pemba. Wanatofautiana kwa umbo na uzito, lakini wanafanana kwa jambo moja: jike akishataga mayai ya kutosha, hukaa juu yake mpaka yaanguliwe.

Mtaa huo huo utakuta pia kuku wa kisasa wa mayai, na kuku chotara kama Sasso na Kuroiler, ambao wameenea nchini katika miaka ya karibuni. Kuku wa kisasa wa mayai anaweza kutaga mayai yapatayo 300 kwa mwaka na asiketi juu ya hata moja. Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga kati ya mayai 40 na 60 kwa mwaka. Tofauti hii haitokani na pumba peke yake. Inatokana pia na homoni.

HOMONI NI NINI?

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na sehemu moja ya mwili, ikaingia kwenye damu na kupeleka agizo sehemu nyingine. Tunaweza kuifananisha na barua inayotoka ofisi ya kata kwenda kwa balozi wa nyumba kumi: karatasi ni ndogo, lakini ikifika, watu wote wa mtaa hubadili ratiba yao.

Katika kuku jike, agizo la kutaga huanzia kwenye ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi. Sehemu hiyo huchochea tezi ya pituitari, ambayo ni ndogo mno na ipo chini ya ubongo. Pituitari nayo hutoa homoni zinazokwenda kwenye ovari, yaani sehemu yenye viini vya mayai. Viini hukua, na ovari yenyewe hutoa estrojeni na projesteroni. Homoni hizi za ovari huandaa njia ya yai, hufanya upanga wa kichwani uwe mwekundu na mkubwa, na hufanya kuku atafute mahali pa kutagia.

Zinafanya kazi nyingine pia isiyoonekana: huuandaa ubongo upokee habari za kiota. Ndiyo maana jike ambaye hajaanza kutaga haatamii hata ukimwekea mayai mazuri ya mwenzake. Ubongo wake bado haujaandaliwa.

KUTOKA KUTAGA HADI KUATAMIA

Mwanzoni kuku huingia kiotani, hutaga, hutetea na kutoka. Mayai yanapoongezeka, hukaa muda mrefu zaidi kila siku. Kila anapoketi, ngozi ya tumbo lake hugusa mayai, na mishipa ya fahamu hupeleka habari hiyo kwenye ubongo. Hapo haipothalamasi hutoa kemikali nyingine inayoiamuru pituitari itoe homoni iitwayo prolaktini.

Prolaktini ndiyo kiini cha habari yetu. Inapopanda katika damu, mambo haya hufuata:

1. Kuku hubaki kiotani karibu siku nzima na usiku kucha. Hutoka mara moja hivi kwa siku, kwa muda mfupi, kula, kunywa na kujisaidia.

2. Ngozi ya tumbo hupoteza manyoya na mishipa yake ya damu huongezeka, ili joto la mwili lifike kwenye mayai bila kizuizi. Mwili wa kuku una joto la karibu nyuzi 41 za Selsiasi.

3. Homoni zinazochochea ovari hushuka. Viini vilivyokuwa vinakua husinyaa na kufyonzwa na mwili. Kutaga hukoma. Upanga hupauka na kunywea.

4. Hamu ya kula hupungua. Hata ukimwekea chakula pembeni ya kiota, hula kidogo tu, na anaweza kupoteza kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wake kabla vifaranga hawajatoka.

5. Tabia hubadilika. Hujitutumua, hudonoa mkono unaomkaribia na hutoa sauti nzito ya mkatomkato.

Jambo la kuzingatia ni kwamba huu ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Kugusa mayai hupandisha prolaktini, na prolaktini humfanya azidi kukaa juu ya mayai. Watafiti waliofanya kazi na bata mzinga waliona kwamba, wakizuia hisia za ngozi ya tumbo zisifike kwenye ubongo, prolaktini haipandi inavyotakiwa. Mguso ndio unaoushikilia mzunguko mzima.

Katika nchi zenye majira ya baridi, urefu wa mchana huchangia pia, kwa sababu siku ndefu huamsha homoni za uzazi. Kwetu Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi haifiki saa moja kwa mwaka mzima. Kwa hiyo kuku wetu anaweza kuatamia mwezi wowote, na kinachoamua zaidi ni kiota, mayai, giza la pembeni na joto.

NJIWA WALIVYOFUNGUA SIRI

Elimu hii ilianzia kwa ndege anayejulikana na kila mkazi wa jiji. Njiwa, dume na jike, huatamia kwa zamu kwa siku zipatazo 18, kisha wote wawili hulisha makinda kwa uji mweupe unaotengenezwa ndani ya gole, ambao wataalamu huuita maziwa ya njiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Marekani, Oscar Riddle na wenzake waligundua kwamba homoni ya pituitari inayoamsha utoaji wa maziwa kwa wanyama ndiyo pia inayokuza gole la njiwa. Wakaiita prolaktini. Mwaka 1935 walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kuku jike akidungwa homoni hiyo anaweza kuanza kuatamia.

Tangu wakati huo imeonekana kwa ndege wa aina nyingi kwamba prolaktini hupanda kwa yule anayelea mayai. Mahali ambapo dume naye huatamia, homoni hupanda kwake pia. Hapa Tanzania tunaye mbuni, ambaye dume lake jeusi hukaa juu ya mayai usiku na jike la rangi ya majivu huchukua zamu ya mchana.

VIFARANGA WAKITOKA

Baada ya siku 21 mayai ya kuku huanguliwa. Sasa mguso wa mayai haupo tena, na prolaktini huanza kushuka. Hata hivyo mama hageuki mara moja kuwa mtagaji. Sauti ya vifaranga na miili yao midogo chini ya mbawa humfanya aendelee kulea, na wakati huo ovari hubaki imetulia. Akiwa nao kwa miezi miwili au mitatu, ndivyo na yeye atakavyochelewa kutaga. Vifaranga wakitenganishwa naye mapema, homoni za kutaga hurudi mapema.

Na mayai yasipoanguliwa? Kuku hana kalenda. Maadamu anagusa kitu kinachofanana na yai, prolaktini inaweza kubaki juu, na mama akaendelea kukaa juu ya mayai viza wiki nyingi huku akikonda. Huyu ni kuku anayehitaji msaada wa mfugaji.

MAMBO MANNE YA KUFANYIA KAZI

Kutokana na maelezo haya tunashauri vikundi vizingatie yafuatayo.

Kwanza, amueni mapema kama kuku aatamie au asiatamie. Mnapotaka vifaranga, mwacheni na mayai 10 hadi 12 yaliyo safi, yasiyooshwa, ambayo hayajakaa zaidi ya wiki moja hadi siku 10. Pawe na jogoo mmoja kwa majike 8 hadi 10, la sivyo mayai hayatakuwa na mbegu. Kiota kiwe mahali penye giza kidogo na pakavu, na kikaguliwe utitiri, maana utitiri humfukuza mama kiotani. Chakula na maji viwe karibu.

Pili, mkitaka arudi kutaga, mwondoeni kiotani kwa huruma. Wapo wanaomchovya kuku kwenye ndoo ya maji, wapo wanaomfunga mguu juani au kumnyonyoa manyoya. Haya ni mateso, wala hayahitajiki. Mwekeni kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu au fito, kilichoinuliwa juu ya ardhi, bila majani wala kiota, akiwa na chakula na maji ya kutosha, kwa siku 3 hadi 5. Hewa inayopita chini hupoza ngozi ya tumbo, na hakuna yai la kugusa. Prolaktini huanza kushuka ndani ya saa chache. Lakini msitegemee yai kesho yake: ovari iliyosinyaa huchukua kwa kawaida wiki 2 au zaidi kukuza viini vipya.

Tatu, tumieni ujuzi wa mayai viza. Wafugaji wengi wanaijua mbinu hii, na sasa tunaweza kueleza kwa nini inafaa. Kikundi kikitaka vifaranga wengi wa umri mmoja, kuku wa kwanza kuatamia huachiwa yai moja au mawili viza. Mguso wa mayai hayo hutosha kudumisha prolaktini yake. Kuku wa pili na wa tatu wakianza, wote hupewa mayai mazuri jioni ya siku moja. Vifaranga hutoka pamoja, hulishwa pamoja na huchanjwa pamoja. Angalizo ni moja tu: msimsubirishe kuku wa kwanza zaidi ya wiki moja au mbili, kwa sababu tangu siku ya kwanza anakula kidogo.

Nne, pangeni muda wa kulea. Tufanye hesabu. Kuku akitaga kwa wiki 3, akaatamia wiki 3 na kulea wiki 11, mzunguko mmoja ni wiki 17, yaani mizunguko 3 kwa mwaka. Vifaranga wakitenganishwa naye wakiwa na wiki 4 na mama akapumzika wiki 1, mzunguko unakuwa wiki 11, na mwaka unaweza kubeba mizunguko 4 na zaidi kidogo. Akitotoa vifaranga 8 kila mara, ni tofauti ya vifaranga 24 na vifaranga 32 kwa kuku mmoja.

Faida hiyo ina gharama yake. Mama anapoondolewa, ulinzi nao unaondoka. Wakazi wa mwambao wanawajua vizuri kunguru wa India, ambao waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wale takataka na tangu hapo wakasambaa. Mabaki ya samaki ya Feri huwanenepesha, na kifaranga asiye na mama ni kitoweo chao cha dakika moja. Kwa hiyo kikundi kisitenganishe vifaranga kabla hakijawa na banda lenye wavu juu, joto la usiku kwa walio wadogo, na chakula cha kununua. Kama fedha hizo hazipo, mwacheni mama na watoto wake. Vifaranga 24 waliokua ni bora kuliko 32 walioliwa.

Tuongeze kwamba hesabu zote hizi hufutwa na mdondo. Chanjo aina ya I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo za kawaida, hutolewa kwa tone moja la jichoni na kurudiwa kila miezi 3. Kikundi kisiweke kuku mmoja juu ya mayai kabla ya kupanga siku ya chanjo.

JE, TUCHAGUE KUKU GANI?

Hapa ndipo kamati nyingi hugawanyika, na ndipo fedha za wafadhili zinapoweza kupotea bila mtu kuiba. Wafugaji wa nchi za viwanda, kwa vizazi vingi, walibakiza kwa ajili ya mbegu majike ambayo hayaatamii. Polepole walipata kuku ambaye ubongo wake hauitikii kiota kwa kupandisha prolaktini kama zamani. Ndiyo maana anataga karibu mwaka mzima bila kusimama. Lakini kwa kufanya hivyo walihamisha kazi ya mama kwenda kwenye mashine ya kutotolesha.

Mashine ni nzuri. Inabeba mayai mengi na kufanya kazi bila kuchoka, ikiwekwa kwenye joto la nyuzi 37.5 hivi na mayai yakageuzwa kila siku. Lakini inahitaji umeme usiokatika, fundi, na fedha za mwanzo. Umeme ukikatika usiku kucha katikati ya wiki 3, mayai yote huwa hatarini. Kuku wa kienyeji ni mashine inayotembea, inayojigeuzia mayai yenyewe, isiyodai luku, na inayowafundisha watoto wake kuchakura.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kikundi kilicho karibu na soko, chenye uwezo wa kununua chakula kila wiki na vifaranga wapya kundi linapozeeka, kinaweza kufuga kuku wa kisasa au chotara kwa ajili ya mayai. Kikundi cha wajane au wazee chenye kipato kidogo kianze na kuku wa kienyeji, kwa sababu kundi litajizalisha lenyewe hata msaada ukisha. Kikundi chenye aina zote mbili kinaweza kumpa kuku wa kienyeji anayeatamia mayai ya chotara aangulie, hatatofautisha.

Mnaponunua sokoni, mwangalieni kuku vizuri. Upanga mwekundu na laini, na mifupa ya nyonga iliyoachana kiasi cha vidole viwili au zaidi, ni dalili ya anayetaga. Upanga uliopauka, tumbo lisilo na manyoya na mifupa iliyobana vinaweza kuwa dalili za aliyetolewa kiotani. Huyo si mgonjwa, ila msimlipie bei ya mtagaji wa leo. Na kwa kuwa safari ya tenga humvuruga kuku yeyote, msitegemee aendelee kuatamia au kutaga mara moja. Wageni wote wakae peke yao kwa wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wenyeji, kwa hofu ya magonjwa.

OMBI KWA KAMATI

Tunaziomba kamati ziongeze safu tatu kwenye daftari la mradi: kuku wanaotaga, kuku wanaoatamia, na kuku wanaolea. Kuku wote watatu wako kazini. Taarifa inayosema tu kwamba mayai yamepungua humfanya msomaji aliye mbali adhani kuna uzembe au wizi. Taarifa inayosema kwamba kuku 6 wanaatamia mayai 66 na 4 wanalea vifaranga 30 humwonyesha kwamba mradi unaishi. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Nasi tunaongeza kwamba asiandikwe kwenye orodha ya wasiozalisha.